Nilisoma "Chanya" Nikadhani ni Habari Njema

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na kama barua yangu ni ndefu kuliko unavyozipenda nisamehe, kwa sababu kuongea siwezi lakini nikishika kalamu sijui kunyamaza. Nina miaka kumi na saba, nimemaliza shule juzi tu, na kwenye ripoti yangu ya mwisho mwalimu wa darasa aliandika hivi: "Mtulivu, mwenye mtazamo chanya, ila hasemi." Naomba ulishike hilo neno chanya, maana ndilo lililoniponza.

Nyumbani tuko wanne. Baba ni fundi wa makochi na kazi zake anazifanyia barazani. Mama anasaga karanga, ana mashine yake chumba cha nyuma, na siagi anayoisaga anaipakia kwenye chupa na kuipeleka madukani. Wa nne ni mdogo wangu wa miaka minne ambaye tunamwita Kifungo, kwa sababu alipokuwa anatambaa alimeza kifungo cha kochi la mteja, na baba ikabidi amwombe mteja asubiri siku mbili bila kumweleza anasubiri nini.

Kifungo alizaliwa na ngozi ya shida, ana ukurutu kwenye viwiko na nyuma ya magoti, na kuna jirani alimwambia mama kwamba mtoto wa ngozi hiyo asipewe karanga, basi mama akatii, ikawa mtoto anakua ndani ya nyumba inayonukia karanga asubuhi hadi jioni, vumbi lake liko mpaka kwenye mapazia, lakini kinywani hajawahi kuzionja. Miezi mitatu iliyopita alialikwa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtoto wa mama mmoja fundi cherehani, jirani yetu, akala biskuti mbili ambazo yule mama alizioka mwenyewe, ndani zina karanga na juu zimenyunyiziwa ufuta, na haikupita nusu saa midomo ikamvimba na vipele vikamjaa shingoni. Zahanati walimpa dawa akapoa, wakatuandikia twende hospitali kwenye kliniki ya mzio, na kule mama alipoulizwa mtoto alikula nini akajibu "karanga", maana kwetu sisi kila kitu ni karanga. Wakamtoa damu. Mama akapiga marufuku karanga mpaka majibu yatoke.

Sasa siku ya majibu mama hakuwepo, bibi alikuwa ameteleza akavunjika mkono na mama akaenda kumuuguza siku tano, baba naye alikuwa anarekebisha viti vya ukumbi fulani mjini, anatoka asubuhi sana, kwa hiyo nikatumwa mimi. Nesi wa dirishani akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikasema dada. Akanipa karatasi, akasema mama aje nayo kwa daktari akirudi, halafu akauliza, "Una swali?" Nikasema sina. Mshauri, nilikuwa nayo maswali, ila foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu na mzee mmoja alikuwa anakohoa kwa kunifukuza, nikaondoka.

Karatasi ilikuwa na maneno mengi na namba, na mwisho wake pameandikwa: KARANGA, CHANYA. Mimi neno chanya nalijua vizuri, mtazamo chanya, majibu chanya, mabadiliko chanya, kwenye insha zangu zote nilikuwa naliandika nikitaka kusema jambo zuri, basi nikaona majibu ni mazuri, mtoto hana kitu. Nilifurahi nikatembea mpaka nyumbani karibu nakimbia. Na nilitaka niwe mimi wa kwanza kumpa. Kesho yake asubuhi nikampakia Kifungo siagi ya karanga kwenye mkate, nikapaka nene, kama kijiko kizima cha chakula, akala wote, akalamba na vidole, akaniangalia kwa hasira kabisa akasema, "Dada, kumbe hiki ndicho mnachonificha?"

Siku tatu mfululizo alikula hivyo. Hakuvimba, hakujikuna, hakukohoa. Nilimwangalia kila mara kwa sababu nilipenda kumwona anavyokula.

Siku ya nne mama akarudi, akaichukua ile karatasi akaenda nayo hospitali, akarudi amebadilika uso. Nilikuwa naosha vikombe. Akasema, "Anao. Chanya maana yake anao mzio." Nikaosha kikombe kilekile mara tano. Mshauri, nilihisi kama nimempa mdogo wangu sumu siku tatu na bahati ndiyo iliyomwokoa, na tangu siku hiyo sijasema.

Baada ya hapo wakampima tena, kipimo cha ngozi, walimdondoshea tone la karanga mkononi wakamchoma kidogo kwa juu, kikatokea kiuvimbe cha milimita nne, wakasema na hicho ni chanya. Baba akachukua futi yake ya kazi akatuonyesha milimita nne ni kiasi gani, kisha akaamua Kifungo akakae kwa shangazi kwa sababu ya vumbi la mashine. Mwezi uliopita tukapewa rufaa kwenda hospitali kubwa, daktari wa huko akatoa damu tena akasema safari hii hapimi karanga nzima, anapima protini moja tu iliyomo ndani ya karanga. Hiyo ikatoka hasi.

Kwa hiyo mezani kwetu kuna karatasi tatu na kila mtu ana yake. Baba anasema, "Mbili kwa moja, mechi imeisha, refa ameshapuliza filimbi." Mama anasema ya mwisho ndiyo ya kweli kwa sababu imetoka hospitali kubwa. Shangazi alipowasikia akasema, "Kwani nyinyi mnapiga kura au mnamtibu mtoto?" Daktari mwenyewe anasema karatasi hazitoshi, anataka Kifungo aletwe asubuhi moja, alishwe karanga kidogo kidogo palepale hospitali wakimwangalia. Baba amekataa kusaini fomu. Anasema, "Mtoto ana mzio halafu nimpeleke wakamlishe? Bora niwape na kijiko kabisa!"

Na kuna jambo moja linaninyima raha. Siku ile tulipoenda hospitali kubwa, daktari alimuuliza mama, "Tangu siku ya biskuti, amekula karanga tena, hata kidogo?" Mama akajibu, "Hata chembe, daktari." Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nilikuwa nasoma bango la kunawa mikono ukutani, nimelisoma mpaka sasa nalijua kwa moyo.

Ni mwezi wa pili sasa Kifungo yuko kwa shangazi. Baba alitania siku ya kwanza kwamba Kifungo ameenda kifungoni, tukacheka, sasa hakuna anayecheka. Jumapili iliyopita nilienda kumwona akaniambia hapati usingizi wa mchana kwa sababu huko hakuna kelele ya mashine. Mama ameanza kusema ataiachia mtu mwingine hiyo mashine ili mtoto arudi, na mama bila ile mashine simjui ni nani.

Nimefikiria hivi. Jumamosi familia yote itakuwa kwa shangazi. Nimeshaweka chupa ndogo ya siagi kwenye mkoba wangu. Nitampa Kifungo kijiko kimoja mbele ya wote, wataona wenyewe kwamba hadhuriki, na sitalazimika kusema neno hata moja. Je, nifanye hivyo? Na katika vile vipimo vitatu tuamini kipi?

Ni mimi, Dada yake Kifungo.

*

Dada yake Kifungo,

Tuanze na chupa. Itoe kwenye mkoba. Hilo sikusubiri gazeti kukuambia, nilikupigia kwenye namba uliyoandika chini ya barua, hukupokea, nikakutumia ujumbe, nawe ukajibu "sawa". Herufi nne kwa mtu aliyeniandikia kurasa tano! Nimezipokea kwa shukrani. Ila wapo wengine wanaosoma hapa na wana chupa zao mikobani, kwa hiyo narudia kwa sauti: mtoto anayedhaniwa kuwa na mzio halishwi kitu hicho sebuleni ili kumaliza ubishi. Akibanwa pumzi kwa shangazi, nani ana sindano ya dharura ya mzio? Nani anajua kuichoma? Futi ya baba yako haitasaidia.

Sasa neno lako. Kulisoma vibaya sikugombezi. "Chanya" limekaa vibaya kwenye karatasi za hospitali, huku mtaani ni sifa na kule dirishani ni onyo, na mwalimu wako hakukuandaa kwa hilo. Kwenye kipimo, chanya maana yake ni moja tu, "tulichokitafuta tumekiona". Kama kinachotafutwa ni kibaya, chanya ni habari mbaya. Ninachokugombezea ni mambo mawili. Ulikuwa na maswali ukasema huna. Na ulimsikia mama yako akimwambia daktari jambo ambalo si kweli, ukasoma bango.

Kabla ya kukujibu nilimpigia daktari mmoja wa watoto anayeshughulika na mzio, nikamsomea barua yako bila kutaja mtu. Haya yafuatayo ni yake, nimeyapunguzia Kilatini tu.

Vipimo vyenu vitatu havibishani, binti yangu. Kila kimoja kimeulizwa swali lake. Chukua kile cha kwanza cha damu, cha karanga nzima, pamoja na kile cha ngozi. Hivyo viwili ni kama mbwa anayebwekea kila anayepita. Akinyamaza, lala, hakuna aliyekuja. Akibweka, anaweza kuwa mwizi, anaweza kuwa muuza maziwa. Watoto wengi wenye ukurutu, na hasa waliokulia kwenye vumbi la karanga kama mdogo wako, miili yao inaitambua karanga na kipimo kinabweka, lakini wakiila hawapati lolote. Kuitambua karanga na kudhurika nayo ni mambo mawili. Na ukubwa wa kubweka nao unahesabika, milimita nne si sawa na nane au kumi. Kile cha tatu, cha protini moja, ni mbwa mvivu. Habweki ovyo, na akibweka jua kuna mtu ukutani. Kunyamaza kwake kunatia moyo, ila si kiapo, wapo wezi wachache wanaompita.

Kwa hiyo baba yako anahesabu kura za mbwa wawili wa aina moja na kusema wameshinda. Shangazi yako, mpe salamu zangu, ndiye aliyeiona hoja.

Kipimo chenye neno la mwisho ni hicho anachokikataa baba yako, yaani mtoto ale, kidogo kidogo, penye daktari na dawa na oksijeni. Mwambie hivi, na kama hutaki kusema mwandikie kwenye kipande cha kitambaa chake cha kazi: "Baba, wewe unagusa kitambaa, unabonyeza springi, unatingisha miguu, lakini kochi hulikabidhi kwa mteja mpaka umelikalia. Daktari naye anataka kukalia kochi." Fundi ataelewa. Na aelewe pia kwamba wanaanza na chembe, wanasubiri, wanaongeza, na dalili ya kwanza tu wanasimama. Hakuna atakayempa mtoto bakuli na kumwachia kijiko.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo ninapotaka kukutikisa mabega. Umeniuliza kipimo gani muamini, na wakati huohuo umekalia kipimo cha nne. Asubuhi tatu, mkate, kijiko kizima cha siagi, mtoto hakujikuna. Yule daktari alikiuliza kwa mdomo wake! Hakuuliza kwa mazoea, aliuliza kwa sababu historia ya mtoto ndiyo inayomwambia karatasi azisome vipi. Wewe umeificha kama kosa kwa miezi miwili. Kosa lilikuwepo, na ungeweza kulia leo, hilo usilisahau. Lakini lilichozaa ni taarifa kubwa kuliko karatasi zote tatu, na imekaa kifuani kwako huku mdogo wako akikosa usingizi wa mchana.

Usiruke na kutangaza kwamba hana mzio. Huna cheo hicho, nami sina. Labda siku zile alikuwa bado anakunywa ile dawa ya zahanati, nayo huficha dalili. Labda kuna jambo wewe hukuliona. Daktari ndiye atakayeupima ushahidi wako, kazi yako ni kuutoa.

Na kuna mwingine hamjamhoji. Biskuti ilikuwa na karanga ndani na ufuta juu. Umeiandika wewe mwenyewe kisha ukapita kama hukuiona, na nyumba nzima imepita. Mtoto alivimba baada ya kula vitu viwili, na baadaye akala kimoja mara tatu bila kuvimba. Je, ufuta umepimwa? Sioni popote. Mmeifunga karanga, na mshukiwa wa pili anazurura mtaani. Nenda kwa fundi cherehani leo, muulize alitia nini kwenye unga, kila kitu, mpaka yai na maziwa, andika orodha. Na mpaka daktari aseme vingine, Kifungo asiguse karanga wala ufuta, hata kwa shangazi, hata akililia.

Utasemaje sasa, wewe usiyesema? Hujanyimwa kalamu. Chukua nusu karatasi, si kurasa tano. Andika siku ulizompa, ni saa ngapi, kiasi gani, siagi ya chupa ipi, alikunywa dawa gani wiki hiyo, ulimwangalia kwa muda gani, uliona nini na hukuona nini. Chini yake weka orodha ya biskuti. Usiandike "nilifikiri" wala "samahani" humo, hiyo ni karatasi ya daktari. Samahani ni ya mama yako, na hiyo itatoka mdomoni, leo, kabla ya Jumamosi, mashine ikiwa imezimwa. Sentensi moja inatosha: "Mama, ulipokuwa kwa bibi nilimpa Kifungo karanga siku tatu kwa sababu sikujua maana ya chanya." Atafoka. Mwache afoke. Akimaliza atakuuliza, "Na hakuvimba?" Hapo mpe ile nusu karatasi.

Mama asiiache mashine kwa mtu. Si wiki hii. Asubiri asubuhi moja ya hospitali kwanza, na hata jibu likija baya, kuna mashine zinazohamia chumba cha mtaa wa pili na mtoto akabaki kwake.

Siku hiyo ya hospitali nenda nao. Kaa upande wa Kifungo, na usikae karibu na bango lolote. Atakula, watasubiri, atakula tena, na asubuhi itakuwa ndefu. Mwishoni nesi ataandika neno kwenye karatasi, atawapa, na atauliza kama kuna mwenye swali.

Nyanyua mkono.